Pilipili imegoma: kusoma dalili kutoka trei ya miche hadi kitalu nyumba

Asubuhi moja jirani yangu alinijia na kitawi cha pilipili mbuzi mkononi. Ncha zilikuwa zimejikunja, majani machanga yamekuwa membamba na magumu, maua yamekauka kabla ya kufunguka. Alikuwa ameshapiga dawa ya wadudu mara tatu ndani ya wiki mbili, na kila alipopiga hali ilizidi kuwa mbaya. "Mama Neema, ulimwona mdudu gani?" nilimwuliza. Hakumwona mdudu yeyote. Aliona majani yamejikunja, akaenda duka la pembejeo, akapewa chupa.

Nalima pilipili nyumbani, Kibaha, mkoani Pwani. Nilianza na ndoo nane uani, leo nina kitalu nyumba cha mita 6 kwa 10, na katika safari hiyo nimepoteza mimea mingi kwa kutibu magonjwa ambayo hayakuwepo. Ndiyo maana nimepanga mwongozo huu kwa dalili, si kwa dawa. Ukiona mmea hauko sawa, geuza jani utazame chini yake. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Kagua shina pale linapoingia ardhini. Kama una mimea kadhaa yenye hali ileile, ng'oa mmoja ulio hoi zaidi uone mizizi. Ni kazi ya dakika tano, na chupa ibaki imefungwa mpaka uimalize.

Mbegu hazioti

Hesabu siku kwanza. Hoho na pilipili ndefu huchomoza kati ya siku 7 na 14. Pilipili mbuzi na pilipili kichaa zinataka subira: wiki mbili hadi tatu ni kawaida, na nyingine hufika wiki ya nne. Wengi humwaga udongo siku ya kumi, mbegu zikiwa ndiyo kwanza zinavimba.

Kama muda umepita kweli, fukua mbegu mbili tatu. Ukizikuta laini na zinanuka, zimeoza kwa maji. Ukizikuta kavu kama ulivyozitia, udongo wa juu ulikuwa unakauka kila mchana. Usipozikuta kabisa, shuku sisimizi. Na ukikuta chipukizi limejikunja chini ya tabaka gumu, ulifukia mno. Nusu sentimita inatosha, tena kwa udongo laini uliochekechwa.

Joto nalo lina neno. Mbegu ya pilipili hupenda udongo wa nyuzi 25 hadi 30. Sisi wa pwani hatulitafuti hilo, lakini anayesia Lushoto au Njombe mwezi Juni na Julai anaweza kungoja mwezi mzima. Afunike trei kwa nailoni na kuiweka jikoni kwenye joto, kisha aitoe kwenye mwanga siku ileile anapoona mche wa kwanza.

Mbegu ulizokamua mwenyewe kutoka pilipili ya sokoni zijaribu kwanza. Weka kumi kwenye kitambaa chenye unyevu, kitambaa ukitie kwenye mfuko, ukiweke mahali penye joto. Zikiota nane, sia bila wasiwasi. Zikiota tatu, pilipili ile ilichumwa ikiwa changa au mbegu zimezeeka. Kwa mbegu za dukani, tafuta pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu Tanzania, na tarehe ambayo haijapita.

Miche inaanguka usiku mmoja

Jioni umeiacha imesimama, asubuhi imelala. Kuna visababishi viwili vinavyofanana kwa mbali, navyo hutofautishwa na shina.

Shina likiwa limekatwa safi, kama kwa wembe, huyo ni sota. Chimbua kwa kidole kuzunguka mche. Utamkuta kiwavi wa rangi ya udongo amejikunja kama pete, kina cha sentimita mbili hivi. Muue. Kesho pita tena na tochi usiku, maana huwa hayuko peke yake.

Shina likiwa limebanwa pale usawa wa udongo, limekuwa jembamba kama uzi na lina rangi ya kahawia yenye majimaji, hicho ni kinyausi. Ni ugonjwa wa kuvu waishio kwenye udongo, na huenea kwa duara: leo mche mmoja, kesho sita wanaouzunguka. Mche ulioanguka hauponi. Toa ulioanguka pamoja na udongo wake, acha kumwagilia mpaka juu pakauke, punguza miche iliyobanana, na ondoa kifuniko chochote kinachozuia hewa.

Kinyausi huanza siku unapochanganya udongo. Samadi mbichi, udongo uliowahi kubeba nyanya, trei ambayo haikuoshwa, maji ya jioni yanayolala juu ya miche usiku kucha: hapo ndipo kinapoingia. Mimi huchemsha udongo. Nachukua pipa la chuma, chini naweka mawe na maji, juu yake wavu, kisha udongo wenye unyevu, nafunika na kuwasha moto. Katikati ya udongo nafukia kiazi mviringo kidogo. Kiazi kikiiva, udongo nao umeiva. Tangu nianze hivyo, kinyausi nimekiona mara moja tu, kwenye trei niliyojaza kwa haraka bila kuchemsha.

Miche mirefu, myembamba, inalala upande

Mwanga hautoshi. Barazani tunapaona pana mwanga, lakini kwa mche ni giza. Isogeze kwenye jua la asubuhi, kwa muda wa saa moja siku ya kwanza, saa mbili siku ya pili, ukiongeza hivyo kwa siku 7 hadi 10. Ukiitoa yote juani siku moja, majani hupata madoa meupe yaliyokauka. Hayo ni kuungua, si ugonjwa, na majani mapya yatatoka salama.

Usijaribu kuokoa mche mrefu kwa kufukia shina lote kama afanyavyo mkulima wa nyanya. Nyanya hutoa mizizi kwa urahisi kwenye shina lililofukiwa. Pilipili si hodari hivyo, na shina lililozama kwenye udongo wenye maji huoza. Hamisha mche ukiwa na majani halisi 4 hadi 6.

Majani yanajikunja

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tuende polepole. Kujikunja si ugonjwa mmoja.

Tazama saa. Kama majani hujikunja saa saba mchana na kunyooka jioni, mmea unajikinga na jua. Pima udongo kwa kidole. Ukiwa na unyevu, uache.

Tazama mwelekeo. Jani linalokunjwa kingo kwenda juu, kama mtumbwi, na lenye michirizi ya rangi ya fedha na vitone vyeusi, lina thiripsi. Pukusa ua moja juu ya karatasi nyeupe: utaona vijidudu vyembamba kama vipande vya uzi vinatembea. Jani linalokunjwa kingo kwenda chini, likawa jembamba na gumu, mgongo wake unang'aa kwa rangi ya shaba, na ncha ya mmea imesimama haikui, hilo lina utitiri. Huyu si utitiri mwekundu anayefuma utando. Ni mdogo zaidi, karibu milimita 0.2, macho hayamwoni, unahitaji lenzi. Ndiye aliyekuwa kwenye kitawi cha Mama Neema.

Na sababu ya hali yake kuzidi ni hiyo dawa. Utitiri si mdudu wa miguu sita, ni ndugu wa buibui na kupe, na dawa nyingi za wadudu hazimgusi. Zinachoua ni wale wadudu na utitiri wema waliokuwa wakimla. Tulikata ncha zote zilizoharibika, tukazitia kwenye mfuko na kuzifunga kabla ya kuzitoa shambani, kisha tukapiga salfa ya unga inayochanganywa na maji, kwa kipimo cha lebo, jioni jua likiwa limepoa, bomba likielekezwa chini ya majani. Tukarudia baada ya siku saba kwa ajili ya mayai yaliyoanguliwa. Salfa ukiipiga kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 huunguza majani, na usiipige karibu na siku ulizopiga mafuta ya mwarobaini. Majani yaliyokwisha kujikunja hayanyooki tena, kwa hiyo usiyatumie kupima kama dawa imefanya kazi. Subiri ncha mpya. Kwake zilitoka baada ya wiki mbili na nusu, pana na laini.

Ukigusa jani likanata, na sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, geuza: utakuta vidukari, wale tunaowaita pia wadudu mafuta, wamejazana kwenye ncha. Hawa ni rahisi wakiwahiwa. Wapige kwa maji yenye nguvu, au maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai kwa lita, ukijaribu kwanza kwenye jani moja kuona kama haliungui. Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, gramu 50 kwa lita moja ya maji, zikilala usiku mmoja na kuchujwa, husaidia kwa vidukari na nzi weupe. Watoe sisimizi pia, maana wanawalinda vidukari kwa ajili ya utamu wao.

Jani lenye mabaka ya njano na kijani, mmea mzima umedumaa, na huoni mdudu wala rangi ya shaba: hiyo ni batobato au virusi vingine vya jamii hiyo, vilivyoletwa na vidukari au nzi weupe. Virusi havina dawa. Ng'oa, funga kwenye mfuko, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mmea mwingine. Najua inauma kung'oa mmea wenye maua. Niliuacha mmoja kwa huruma, na msimu ule nikang'oa kumi na moja.

La mwisho husahaulika kabisa: bomba. Kama bomba ulilotumia limewahi kubeba dawa ya magugu, mabaki kidogo tu yanatosha kukunja na kupinda majani ya pilipili nzima kwa siku chache. Weka bomba la magugu mbali na la mimea, yawe mawili daima.

Ukilazimika kununua dawa, iwe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, na soma idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Pilipili huchumwa kila wiki na huliwa mbichi kwenye kachumbari. Siku hizo ni za watoto wako.

Majani ya njano

Angalia njano imeanzia wapi. Ikianza majani ya chini na jani lote likapauka, mmea una njaa ya naitrojeni, hasa kwenye ndoo za kichanga chetu ambacho kila ukimwagilia unaosha mbolea. Ongeza mboji au mbolea ya kukuzia kidogo kidogo. Ikiwa majani ya chini yana njano katikati ya mishipa na mishipa imebaki kijani, magnesiamu imepungua. Magnesiamu salfeti gramu 5 kwa lita, ikipuliziwa majani, hujibu ndani ya siku chache. Ikiwa ni majani machanga ya juu yenye mishipa ya kijani, chuma hakipatikani, na mara nyingi ni kwa sababu umemwaga majivu mengi. Acha majivu.

Kingo za majani zikiungua kahawia, tazama ukingo wa ndoo. Ukiona ukoko mweupe, ni chumvi. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi na pilipili haiyavumilii. Kinga maji ya mvua, na kila baada ya wiki kadhaa mimina maji matamu mengi, mara mbili ya ujazo wa ndoo, yapite mpaka chini.

Mmea umenyauka ukiwa kijani

Kama udongo ni mkavu, mwagilia na mazungumzo yameisha. Kama udongo una maji na mmea umenyauka, usiongeze hata kikombe. Fukua.

Mizizi ya kahawia inayochunika ngozi ukiivuta imekosa hewa: matundu ya ndoo yameziba. Mizizi yenye vifundo kama shanga ina minyoo fundo. Nyuzi nyeupe za kuvu kwenye kitako cha shina, zikiwa na vipunje kama mbegu za haradali, ni ukungu wa udongo unaopenda samadi isiyoiva.

Lakini kama mizizi inaonekana nzima, na mmea ulikuwa unalegea mchana na kusimama usiku kwa siku mbili tatu kabla ya kulala moja kwa moja, fanya kipimo cha glasi. Kata kipande cha shina la chini, kama sentimita 8, ukining'inize ncha iliyokatwa iguse maji safi kwenye glasi ya kuonyesha. Usitikise. Ndani ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya dukani itakayouponya, hata ukiambiwa ipo. Toa mmea na udongo wake wote, usitie kwenye mboji, osha ndoo, kisu na kandambili. Udongo wa eneo lile usipandwe pilipili, nyanya, biringanya, nyanya chungu wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Weka mahindi au mchicha.

Kwa minyoo fundo kuna jua. Lowesha tuta, lifunike kwa nailoni angavu, kingo uzifukie, uache wiki 4 hadi 6 za Januari na Februari.

Kitalu nyumba kimependeza, maua yanadondoka

Fundi aliyenijengea alizungushia nailoni pande zote mpaka chini, na mimi nikaona ndiyo uzuri wake. Mimea ilikua ikafika kifuani. Maua yakaja kwa mamia, na kila asubuhi yalikuwa chini. Niliongeza mbolea, nikaongeza maji, nikapiga kichocheo cha maua. Siku niliyotundika kipimajoto saa nane mchana kilisoma nyuzi 43.

Mchana ukipita nyuzi 32 hadi 35, chavua ya pilipili hudhoofika, na usiku usioshuka chini ya 24 huwa kikwazo kingine. Nailoni kila upande imeletwa kutoka nchi za baridi kwa ajili ya kutunza joto. Kibaha joto tunalo la kugawa. Niliondoa nailoni za pembeni, nikaweka neti ya wadudu, nikafungua tundu kwenye paa ili joto lipande litoke, na juu nikatandaza neti ya kivuli ya asilimia 30 kwa miezi ya jua kali. Anayejenga upya pwani ajenge kirefu, mita 4 au zaidi katikati, nailoni iwe paa tu ya kukinga mvua.

Usiku wa Januari huwezi kuupooza kwa neti. Huo unakwepwa kwa kalenda: sia mwishoni mwa Februari hadi Machi, hamisha miche Mei, maua yaje Juni na Julai usiku unapopoa. Kwenye nyanda za juu ni kinyume. Huko usiku wa Julai ukishuka chini ya nyuzi 15 maua hudondoka kwa baridi, na kitalu kilichofungwa jioni kina kazi ya kufanya.

Kama joto ni zuri na bado yanadondoka, fikiria upepo. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, ila linataka kutikiswa, na neti imezuia upepo na nyuki. Pita saa tatu hadi saa tano asubuhi ukigonga kamba zilizoshikilia mimea. Na ukiwa na msitu wa majani ya kijani kibichi bila ua, naitrojeni imezidi. Acha ya kukuzia, toa yenye potasiamu zaidi.

Tunda lina doa

Doa la kahawia lililobonyea, kavu kama ngozi, karibu na ncha ya tunda, ni kuoza kitako. Tunda limekosa kalsiamu, lakini mara nyingi kalsiamu imo kwenye udongo. Kilichokosekana ni maji ya kuisafirisha, kwa sababu leo umemwagilia sana na siku tatu umesahau. Maganda ya mayai huoza kwa miezi, hayatakuokoa wiki hii. Matandazo na ratiba ya maji ndivyo vitakavyokuokoa. Baka jeupe kama karatasi upande unaotazama jua ni kuungua. Ulipunguza majani mno. Doa la mviringo lililobonyea lenye duara ndani ya duara na vitone vya rangi ya chungwa ni chule, na hurushwa na matone ya maji, kwa hiyo mwagilia chini, si juu ya majani. Tunda lenye tundu lipasue: ukikuta funza au kiwavi, kusanya yote yaliyoanguka uyafukie kwa kina.

Hoho imewasha, mbuzi haiwashi

Ukali hukaa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, na utando ni sehemu ya mmea mama. Hoho haiwi kali msimu huu kwa kupandwa jirani na kichaa. Ikiwasha, mbegu uliyopanda ndiyo iliyochanganyika msimu uliopita. Pilipili mbuzi iliyopoa mara nyingi imechumwa mapema au imelelewa kwa maji mengi na naitrojeni nyingi. Acha iive rangi yote, na punguza maji kidogo wiki ya mwisho bila kuifikisha kunyauka.

Ukitaka kutunza mbegu zako, chagua mmea mmoja wenye afya, funika vichipukizi vya maua kwa kipande cha neti laini kabla havijafunguka, tikisa kila asubuhi, na tunda likianza kushika toa neti na ufunge uzi mwekundu kwenye kikonyo ili mtu wa jikoni asilichume.